Tuisheni ya sosholojia pale Majengo Moshi: nimemaliza moduli ya nadharia, haya ndo maoni yangu

Wadau habari zenu. Watu wananiuliza sana inboksi kuhusu ile tuisheni ya jioni ya sosholojia na anthropolojia pale Majengo, kama inalipa au ni kupoteza hela, nikaona badala ya kumjibu mmoja mmoja niandike hapa mara moja yaishe, maana moduli yao ya nadharia za jamii nimeisoma mwanzo mpaka mwisho na nina mengi ya kusema. Jina la ticha siweki, hajaniruhusu. Jibu la haraka ni kwamba inalipa, tena sana, hasa sehemu ya nadharia ya uamilifu, ile ya miundo ya jamii na kazi zake, yaani hii kitu nilikuwa naikariri tu toka diploma, nimekuja kuielewa kwenye kile chumba. Ila kuna sehemu inapwaya na mimi naona hiyo sehemu ni kubwa, kwa hiyo someni mpaka mwisho msije mkasema nimempigia debe tu.

Mi nafanya kazi ya maendeleo ya jamii ngazi ya kata, digrii naisoma kwa masafa, na wengi mle ndani ni wa hivo hivo. Kuna walimu wa sekondari, kuna dada wa ustawi wa jamii, kuna vijana wa chuo, kuna hadi mama mmoja anauza vitenge Mbuyuni ambaye hasomei cheti chochote, anakuja kwa sababu anapenda. Mchanganyiko huo ndo umefanya vipindi viwe vitamu.

Mazingira ni ya kawaida. Chumba cha juu ghorofani, madirisha makubwa, viti vya plastiki, ubao mweupe. Projekta hakuna na wala haihitajiki. Kelele za bodaboda zipo, jioni ndo zinazidi, ukikaa nyuma unakosa maneno. Choo kisafi, umeme ukikatika kuna taa ya kuchaji. Hayo basi.

Sasa ufundishaji. Sehemu nyingi nadharia hii inaanza na maana, Durkheim kasema hivi, Spencer kasema vile (hao ni wanasosholojia wa mwanzo wa Ulaya), andika, piga mstari, kesho mtihani. Kuna mwenzangu alilipia tuisheni moja huko Arusha akasomewa noti kipindi kizima kama imla, akarudi hajui hata swali lenyewe la hao wazungu lilikuwa nini. Huyu wa Majengo kaanza kwa kuchora kihamba, yaani shamba la nyumbani la ukoo wa Kichagga. Kachora nyumba katikati, migomba imezunguka, kahawa chini ya migomba, banda la ng'ombe, mfongo unaleta maji toka juu mlimani, masale yamepandwa mpakani, na pembeni makaburi ya wazee. Alafu akaanza kuuliza kitu kimoja kimoja, hiki hapa kinafanya kazi gani, na kikitoka nini kingine kinatikisika?

Tukaanza kujibu tukidhani ni maswali mepesi. Mfongo ukikauka migomba inanyauka, sawa, lakini na kile kikao cha kupanga zamu za maji nacho kinakufa, na watu wa koo tofauti waliokuwa wanalazimika kukutana kuusafisha hawana tena sababu ya kukutana. Sale likitoka mpaka unapotea, lakini sale hilo hilo ndo Mchagga analishika akienda kuomba msamaha, kwa hiyo jani moja linashika shamba na linashika amani ya watu. Mbege je, ile pombe ya ndizi? Yule mama wa Mbuyuni akasema mbege ikitoka hakuna kikao cha ukoo kitakachokaa, maana huwezi kuwaita wazee midomo mikavu, na kikao kisipokaa kesi ya mpaka haiishi, na kesi isipoisha ndugu hawazikani. Ubao ukajaa mishale.

Hapo ticha akafanya kitu ambacho kwangu ndo kilifungua kila kitu. Akafuta nyumba, akafuta migomba, akafuta ng'ombe, akaacha watu tu: baba, mtoto wa kwanza, kitinda mimba, mke, shangazi, jirani wa mfongo, mangi (chifu wa Kichagga). Mishale akaiacha. Akasema Radcliffe-Brown, mwanaanthropolojia wa Uingereza, anapoongelea muundo wa jamii haongelei majengo wala vitu, anaongelea huu mtandao wa mahusiano ya watu halisi, na anapoongelea uamilifu anauliza hii desturi inachangia nini ili huu mtandao uendelee kusimama. Watu wanakufa, wanazaliwa, mangi anabadilika, lakini nafasi ya mangi ipo na uhusiano wa baba na mwana upo. Ndo maana Radcliffe-Brown akatumia mfano wa mwili, seli zinakufa na kuzaliwa kila siku ila wewe ni yule yule. Mfano huo wa mwili hakuuanza yeye, Spencer alishautumia karne ya 19, na Durkheim naye mwaka 1893 alikuwa ameshauliza nini kinashikilia jamii ambayo watu wake hawafanani tena kazi. Yaani hapo nilikuwa nimeshika kalamu siandiki, nasikiliza.

Kitu kingine nilichokipenda, anakuonyesha hawa watu walikuwa wanabishana na nani. Kabla yao wasomi wengi wakikuta desturi ya ajabu walikuwa wanasema haya ni mabaki ya zamani, wanaanza kukisia historia isiyo na ushahidi. Mfano wake ulikuwa mjomba. Kusini mwa Afrika kuna jamii ambako mpwa anaruhusiwa kumzoea mjomba wake kupita kiasi, anaingia anakula chakula chake, anachukua kitu na mjomba hasemi neno, wakati kwa shangazi upande wa baba lazima awe na adabu zote. Mmisionari aliyewaandika akasema aah, hii ni dalili zamani walihesabu ukoo kwa mama. Radcliffe-Brown mwaka 1924 akasema acheni kukisia, angalieni hapa hapa leo: mama ni mpole kwa mtoto, basi upole unahamia kwa kaka yake, baba ni wa kuogopwa, basi woga unahamia kwa dada yake. Maelezo yako ndani ya mfumo unaouona, huna haja ya kubuni mambo ya kale. Unaweza usikubaliane nayo (mimi naona kuna kabila nyingi mjomba ni mkali balaa), lakini unaona kabisa kwa nini kwa wakati ule ilikuwa hatua kubwa.

Alafu utani. Jamani utani! Kipindi hiki peke yake kinatosha kulipia ada ya mwezi.

Darasani tuna kaka mmoja Mpare wa Same, na kuna dada Mchagga wa Kibosho. Ticha alikuwa hajaanza hata kuandika, yule kaka akamwambia dada, nyie Wachagga hata msibani mnapiga hesabu ya faida. Dada hakupepesa macho, akamjibu wewe Mpare kaa kimya, nyie ndo mnauza ng'ombe mzima ili muendeshe kesi ya kuku. Darasa likalipuka. Ticha akaacha tucheke mpaka tukamaliza, alafu akamgeukia kijana mmoja wa kutoka Shinyanga ambaye hana utani na yeyote kati ya hao, akamwambia hebu na wewe mwambie huyu dada maneno hayo hayo. Kijana akakataa. Kabisa. Akasema ticha mimi siwezi, atanielewa vibaya. Na yule dada akasema ndio, wewe ningekuelewa vibaya.

Basi, hapo ndo akaandika ubaoni 1940, mwaka ambao Radcliffe-Brown alitoa makala yake ya utani: ni uhusiano ambao desturi inamruhusu mtu, na wakati mwingine inamlazimisha, kumkejeli mwenzake, na mwenzake analazimika asikasirike. Kwa nini uwepo? Kwa sababu kuna watu ambao wameungana na wametengana kwa wakati mmoja. Wapare na Wachagga ni majirani, wanaoana, wanafanya biashara, wanakutana soko moja, lakini ni watu wawili tofauti na kila mmoja ana maslahi yake. Uhusiano wa hivo una cheche ndani. Njia moja ni kukwepana na kuheshimiana sana, kama mkwe na mama mkwe, huongei naye hovyo na hukai naye meza moja. Njia ya pili ni kutaniana, ile cheche inatoka kama kicheko badala ya kutoka kama ngumi. Mimi nimekulia kwenye utani, nimeona watani wanavyoingia msibani wanalala kaburini wanadai wapewe hela ndo wazike, na sikuwahi kujiuliza kwa nini mfiwa hakasiriki. Na kumbe utani wa hapa kwetu Tanganyika ulishaandikwa kwenye majarida yao miaka hiyo hiyo ya 1940, kwa hiyo huu mjadala hatukuukodi, sisi tulikuwa ndani yake toka mwanzo.

Malinowski naye, mwanaanthropolojia mwingine, ticha kamfundisha vizuri. Watu wengi wanamchanganya na Radcliffe-Brown kwenye mtihani na wanapoteza maksi. Malinowski, yule aliyekaa visiwa vya Trobriand kati ya 1915 na 1918, yeye anaanzia kwa mtu mmoja mmoja na mahitaji yake, njaa, uzazi, usalama, na utamaduni ni njia ya kutosheleza hayo mahitaji. Radcliffe-Brown haanzii kwa mtu, anaanzia kwenye muundo, na baadaye alikasirika kabisa kuwekwa kapu moja na Malinowski. Ticha akatupa kazi moja tu ya kutofautisha: mazishi. Malinowski atakuuliza mfiwa anapata nini, hofu yake ya kifo inatulizwaje. Radcliffe-Brown atakuuliza kundi lililopoteza mtu linajipangaje upya, nani anashika nafasi ya marehemu. Baada ya hapo huwezi kuwachanganya tena. Akaongezea kuwa Malinowski mwaka 1934 alizunguka Afrika Mashariki akafika mpaka kwa Wachagga, na kwamba Kenyatta alikuwa mwanafunzi wake kule London, kitabu chake cha Wakikuyu cha 1938 kilitokana na masomo hayo. Darasa zima lilikaa kimya.

Kipindi cha jamii zisizo na dola kilikuwa kirefu, tulivuka muda na hakuna aliyelalamika. Evans-Pritchard, mwanaanthropolojia wa Uingereza, na Wanuer wa Sudan (leo Sudan Kusini), kitabu cha 1940: hakuna mfalme, hakuna polisi, hakuna hakimu, na bado watu wanajua nani ni wa nani. Koo ndogo zinagombana zenyewe, akija adui wa nje zinaungana, adui akiondoka zinarudi kugombana. Kisha akatuleta nyumbani, kwa Waarusha. Gulliver alikuwa mtafiti wa jamii wa serikali ya Tanganyika miaka ya 1950, akawaandika Waarusha wa Mlima Meru, kitabu kikatoka 1963, na anachokionyesha ni jinsi walivyokuwa wanamaliza kesi zao kwenye vikao vya rika, vya ukoo na vya eneo, hakuna wa kutoa hukumu ya mwisho, mnabishana na kupimana nguvu mpaka mnafika mahali pande zote zinaweza kuishi nalo. Mimi kwenye kazi yangu naona kitu hicho hicho kila wiki. Watu wanakuja ofisini na barua rasmi ya malalamiko, kumbe mazungumzo yenyewe yalishafanyika juzi chini ya mti na rika lake, ofisini wamekuja kugonga muhuri tu. Baada ya kipindi kile nimeanza kuuliza swali moja la nyongeza kabla sijafungua jalada: mmeshakaa wapi kwanza? Na majibu yake yananisaidia kuliko fomu.

Sasa nije kwenye kinachopwaya.

Tulirudi kwenye ule mchoro wa kihamba. Ticha akawa anaeleza urithi, kwamba kwa desturi ya Kichagga mtoto wa kwanza wa kiume na kitinda mimba ndo wanaangaliwa zaidi, wa kwanza anapewa sehemu mapema, wa mwisho anabaki kwenye nyumba ya wazazi na kuwatunza, wa katikati anatakiwa ajitafutie. Akaonyesha kazi ya utaratibu huo: kihamba hakikatwi vipande vipande mpaka kiishe, wazee wanapata wa kuwatunza, na wa katikati wanasukumwa nje kwenda kufungua ardhi mpya. Inaingia akilini, inaonekana imenyooka. Dada mmoja ambaye muda wote alikuwa anaandika kimya kimya akanyoosha mkono akauliza, ticha, mimi kwenye huo mchoro niko wapi?

Ticha akajibu kwa nadharia, binti ndo anayeunganisha ukoo huu na ukoo mwingine kwa ndoa, bila yeye hakuna undugu wa pembeni. Dada akasema hapana, sijauliza nafanya kazi gani, nimeuliza niko wapi, nikiachika nikarudi nalala wapi?

Mimi naona hilo ndo swali bora lililoulizwa kwenye moduli nzima. Nadharia ya uamilifu inakwambia huu utaratibu unaushikilia ukoo, na ni kweli unaushikilia, lakini mzigo wa kuushikilia anabebeshwa nani? Yule wa katikati zamani alikuwa na pori la kwenda kufungua, leo pori liko wapi? Anashuka Moshi mjini kupanga chumba Pasua au anaenda Kariakoo. Na binti hana hata hilo la kusukumwa nje kutafuta chake. Nilisimama nikachangia kwamba kisheria mambo yameshasogea, mwaka 1990 Mahakama Kuu kule Mwanza ilishasema mila ya Kihaya iliyomzuia mwanamke kuuza ardhi ya ukoo inapingana na katiba, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inampa mwanamke haki sawa na mwanaume ya kupata na kumiliki ardhi, lakini huko migombani ukitaja hayo unaambiwa unavunja ukoo. Na angalieni, neno hilo la kuvunja ukoo ni uamilifu huo huo, unatumika na wazee ambao hawajawahi kumsikia Radcliffe-Brown. Nadharia inayoona kila desturi ina kazi inaweza ikawa silaha mkononi mwa anayefaidika na desturi.

Nimpe ticha haki yake, hakulikimbia swali. Kipindi kilichofuata alikuja na mambo ya Sally Falk Moore, mwanaanthropolojia wa Marekani aliyefanya utafiti hapa hapa Kilimanjaro kwa miaka mingi, kitabu chake cha 1986 kinafuata sheria za mila za Wachagga toka 1880 mpaka 1980. Anachokionyesha ni kwamba hiyo tunayoiita mila haikukaa mahali pamoja ikisubiri kuandikwa. Kahawa ilivyoingia, kihamba kikageuka kuwa hela, chama cha wakulima kikaanza 1925, KNCU, ushirika wao wa kahawa, ikaja 1933, ardhi ikaisha, watu wakaongezeka, mahakama za kikoloni zikaanza kuamua kesi za mipaka, na kila hatua watu walikuwa wanasema hii ndo mila ya mababu huku wanaibadilisha. Sasa ule mchoro wetu wa kwanza uko upande gani? Una kahawa chini ya migomba kana kwamba ilikuwepo toka enzi! Ticha mwenyewe ndo alituonyesha hilo, akaenda ubaoni akaizungushia kahawa duara nyekundu akasema huu mmea una umri mdogo kuliko baadhi ya hayo makaburi. Hapo nilimpigia makofi.

Akaenda mbele kidogo kwenye ukoloni, na hapa napo amefanya kazi nzuri. Gavana Cameron wa Tanganyika alivyoleta utawala kupitia machifu na sheria yake ya 1926, serikali ilihitaji kujua nani chifu wa nani na kesi zinaamuliwaje, na hao wataalamu wa miundo walikuwa na majibu ya aina hiyo hiyo. Utafiti wa Wanuer uliombwa na serikali ya Sudan, wakati ndege za serikali zilikuwa zimetoka kuwapiga Wanuer mabomu miaka michache tu kabla, sasa ukichora muundo uliotulia mabomu unayaweka wapi? Leach, mwanaanthropolojia mwingine wa Uingereza, mwaka 1954 akitokea utafiti wa Burma akasema jamii haikai kwenye mizani, inayumba huku na huku. Evans-Pritchard mwenyewe mwaka 1950 alishageuka akasema fani hii iko karibu na historia kuliko sayansi ya maumbile. Na Archie Mafeje, Msauzi aliyefundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mwaka 1971 akaandika kwamba hili wazo la kabila kama kitu kilichojitosheleza ndani ya uzio wake ni itikadi iliyokuja na ukoloni. Ticha alimsoma Mafeje kwa sauti ya mtu anayemheshimu, na mimi nafurahi sana kuona Mwafrika anafundishwa kama mwananadharia sio kama mfano.

Lakini sasa, lawama yangu iko hapa. Merton, mwanasosholojia wa Marekani, alipewa robo saa ya mwisho. Robo saa! Watu wameshaanza kufunga mabegi. Na Merton mwaka 1949 ndo aliyelijibu swali la yule dada kutoka ndani ya nadharia yenyewe: kwamba desturi inaweza kuwa na faida kwa kundi moja na hasara kwa jingine ndani ya jamii hiyo hiyo, kwamba sio kila kilichopo ni cha lazima, kwamba kazi ile ile inaweza kufanywa na kitu kingine. Yaani kama kazi ya urithi wa kitinda mimba ni kutunza wazee, binti anaweza kuifanya, na wengi ndo wanaoifanya sasa hivi bila kupewa hata mgomba mmoja. Alitakiwa apewe kipindi kizima na yule dada akae mbele. Na ile tofauti yake ya kazi iliyo wazi na iliyojificha ingefundishika kirahisi sana hapa kwetu, chukua tu Desemba watu wanavyopanda kijijini: ukiwauliza wanasema tunaenda kula sikukuu na wazazi, lakini mle mle ndani ndo watoto wa mjini wanaonyeshwa mipaka, kesi za mwaka mzima zinamalizwa, wachumba wanatambulishwa, na kila mtu anapimwa amesogea kiasi gani. Ticha aliutaja mfano huu kwa sentensi moja akapita. Parsons naye kapita kama basi lisilo na abiria wa kushusha, zile kazi nne anazosema kila mfumo wa jamii lazima uzifanye tumeandikiwa ubaoni bila mfano hata mmoja, na kwenye mitihani ya chuo Parsons anatoka sana. Mwanaanthropolojia Gluckman na hoja yake kwamba ugomvi wenyewe unaweza ukawashikilia watu pamoja hakutajwa kabisa, wakati tumeongelea ugomvi vipindi viwili.

Nadhani sababu ni kwamba ticha anampenda mno Radcliffe-Brown. Namwelewa, ni raha kufundisha kitu ambacho kila mfano unakaa. Ila sisi tunaofanya kazi na watu tunahitaji zaidi pale ambapo mfano haukai.

Mengine madogo. Handauti ni fotokopi za Kiingereza zenye maandishi madogo mno, na baadhi ya kurasa zimekatwa pembeni, mwenye macho ya shida atateseka. Maelezo yote darasani ni Kiswahili ila majibu ya mazoezi anataka Kiingereza kwa ajili ya mtihani, ni sawa, lakini angetuandalia orodha ya istilahi mapema. Grupu la wasap linafanya kazi, ukiuliza swali usiku asubuhi umejibiwa, na sio kwa kifupi. Karibu na mitihani wanajaa sana mpaka watu wanakaa kwenye ngazi, wahi. Ada ni elfu tano kwa kipindi au unalipa kwa mwezi inashuka kidogo, na ukichelewa kulipa hakuaibishi mbele za watu, anakuita pembeni. Yule mama wa Mbuyuni analipa kwa mafungu kulingana na biashara.

Kama unatafuta noti za kukariri upite mtihani wiki ijayo, usiende, utamwona anakuchelewesha na mishale yake. Kama unasoma maendeleo ya jamii, ustawi, sheria hata, au unafanya kazi kwenye kata au mahakama ya mwanzo na unataka kuelewa kwa nini watu wanang'ang'ania kitu ambacho kwako hakina maana, nenda, na vipindi vya utani na vya kesi usivikose. Moduli mpya inaanza mwezi ujao jioni zile zile. Tumeshamwomba kwenye grupu Merton apewe kipindi chake na urithi wa mabinti uwe ndo mfano, amesema ataangalia idadi ya watakaojiandikisha, kwa hiyo mkienda kujiandikisha na nyie msemeni hilo hilo, tukiwa wengi hatakataa.